Kutazama Nyota Dar es Salaam Ukiwa na Mwenzako: Mwongozo Kamili wa Kuanza

Mtu anayetaka kuanza kutazama nyota kwa kawaida huuliza kwanza darubini inauzwa wapi na kwa bei gani. Swali hilo lina mahali pake, na hapa chini nitaeleza chombo cha kuchagua, lakini kuna swali linalotangulia: utatazama na nani? Nimewaona watu walionunua darubini nzuri wakaitumia kwa majuma machache, kisha ikapandishwa juu ya kabati na kusahaulika. Nimewaona pia wengine wasio na chombo chochote ila macho yao na rafiki mmoja wa kukutana naye kila Ijumaa, ambao leo wanazitaja nyota kwa majina na wanajua kila moja itarudi mwezi gani. Anga la pwani lina mawingu mengi na mji wetu una taa nyingi, kwa hiyo usiku usio na mafanikio utakuja mara kwa mara. Aliye peke yake huvunjika moyo akarudi ndani, ilhali wawili hukaa wakanywa chai, wakazungumza, wakapanga usiku mwingine. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na watu, na vyombo vinafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: mpate mwenzi mmoja

Usianze kwa kuunda kikundi. Kikundi kinachochagua mwenyekiti, katibu na mhazini kabla ya kukaa nje hata usiku mmoja huishia kwenye vikao. Anza na mtu mmoja, na umchague kwa mambo yanayoonekana: awe anakaa karibu kiasi cha kufika kwako kwa miguu, awe mtu wa kutimiza miadi, na awe anaweza kukaa kimya kwa dakika kumi bila kushika simu. Hahitaji kujua lolote kuhusu falaki, yaani elimu ya nyota. Kwa maoni yangu ni afadhali nyote muwe hamjui, kwa kuwa mkijifunza pamoja hakuna atakayekuwa mwalimu wa mwenzake kila siku, na kila mmoja atapata zamu yake ya kugundua jambo.

Namna ya kumwalika ina uzito wake. Ukimwambia jirani kwamba unataka mfanye elimu ya anga, atakujibu kwa heshima kwamba ana shughuli nyingi. Mwambie badala yake kwamba jioni ya leo mwezi mwandamo na sayari ya Zuhura vimekaribiana upande wa magharibi, na kwamba kuvitazama kutamchukua dakika tano tu. Akishatoka nje na kuona, mazungumzo yatajileta yenyewe.

Mkishakubaliana, wekeni usiku mmoja wa kudumu katika wiki na saa moja isiyobadilika. Hapa Dar es Salaam tuna bahati ambayo hatuithamini inavyostahili. Mji uko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na robo tatu jioni, na giza huingia upesi. Saa mbili usiku ni giza kamili katika Januari na katika Juni vilevile. Mpenzi wa nyota aliyeko Uingereza hulazimika mwezi Juni kusubiri hadi usiku wa manane, na hata wakati huo giza lake si kamili. Saa mbili hapa kwetu sala ya Isha imekwisha au inakaribia kwisha, watu wengi wamekwisha kula, na mtoto wa shule anaweza kutazama kwa nusu saa kisha akalala kwa wakati.

Jambo moja lisemwe wazi. Ikiwa mwenzi wako ni msichana anayeishi kwa wazazi, au wewe ndiye msichana huyo, nendeni mkazungumze na wazazi kabla ya usiku wa kwanza, muwatajie mahali na saa ya kurudi, na muwakaribishe nao waje kutazama. Urafiki unaoanza kwa uwazi hauwapi majirani la kunong'ona, na mara nyingi mzazi aliyekuja kukagua hubaki hadi mwisho.

Hatua ya pili: mwezi mmoja wa macho matupu

Kwa siku thelathini za mwanzo msitumie chombo chochote. Anzeni na Mwezi, kwa sababu hauhitaji giza na unaonekana hata Kariakoo katikati ya taa. Utafuteni jioni ya kwanza au ya pili baada ya kuandama, chini upande wa magharibi mara baada ya Jua kuzama. Mtaona umelala pembe zikielekea juu, kama dau. Katika nchi zilizo mbali na ikweta mwezi mchanga huonekana umesimama kwa upande, lakini kwetu njia ya Jua na Mwezi hushuka karibu wima kuelekea upeo wa macho, na upande unaoangazwa hutazama chini kule Jua lilikozama.

Kisha fanyeni zoezi hili. Nyoosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo angani ni karibu digrii 10, na upana wa kidole kidogo ni karibu digrii 1. Saa mbili usiku pimeni umbali kati ya Mwezi na nyota ang'avu iliyo karibu nao, mwandike, kisha mrudie kesho saa ileile. Mwezi utakuwa umesogea kuelekea mashariki kwa kiasi cha ngumi moja na zaidi kidogo, yaani karibu digrii 13. Watu wa pwani wanaojua bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kujaa sana na za kujaa kidogo, wamekuwa wakiishi na mwendo huu tangu zamani, na mvuvi mzee wa Kunduchi au Mjimwema anaweza kuwafundisha mengi juu yake mkimsalimu vizuri na kumpa nafasi ya kusema.

Baada ya Mwezi zijueni sayari. Zuhura (Venus) ni nyeupe kali na haitoki mbali na Jua, kwa hiyo huonekana jioni upande wa magharibi au alfajiri upande wa mashariki. Mshtarii (Jupiter) hung'aa kwa utulivu na anaweza kuonekana usiku kucha. Mirihi (Mars) ana wekundu, na Zohali (Saturn) ana umanjano hafifu. Nyota humetameta, ilhali sayari kwa kawaida hutulia. Hilo ndilo jaribio la haraka mnaloweza kulifanya mkiwa barabarani.

Nyota zenyewe zifuateni kwa misimu, kwa kuwa anga la saa mbili usiku hubadilika polepole mwaka mzima. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kundi la nyota la Jabari (Orion) hupita juu kabisa ya utosi. Chini ya nyota zake tatu za mkanda kuna doa la ukungu ambalo ni wingu la gesi lililo umbali wa karibu miaka 1,300 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), ambamo nyota mpya zinazaliwa. Kwa Dar es Salaam wingu hilo hupita karibu kabisa na utosi, na wapenzi wa nyota wa nchi za kaskazini, ambao huliona likiwa chini angani, wangetuonea wivu. Sirius, nyota ang'avu kuliko zote za usiku, iko jirani yake, na kusini inawaka Suheli, ya pili kwa mng'ao.

Katika misimu hiyohiyo tafuteni Kilimia, fungu dogo la nyota ambalo macho mazuri huhesabu sita au saba. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Usemi huu ulikuwa kalenda ya mkulima, nami napendekeza muugeuze kuwa kazi yenu ya mwaka. Andikeni jioni ya mwisho mliyokiona Kilimia upande wa magharibi kabla hakijapotea katika mwanga wa Jua, jambo linalotokea kati ya Aprili na Mei, na alfajiri ya kwanza mliyokiona tena upande wa mashariki, kwa kawaida ndani ya Juni. Andikeni pia kama kulikuwa na mvua au jua. Mkifanya hivyo kwa miaka michache mtakuwa na kumbukumbu yenu wenyewe ya kulinganisha na maneno ya wazee, na mtakuwa na sababu ya kuamshana alfajiri.

Mei, mawingu ya masika yakiruhusu, kuna tamasha ambalo watu wa latitudo zetu ndio wanaolipata kwa ukamilifu. Simameni mkielekea kusini saa tatu usiku: kundi la nyota la Msalaba wa Kusini limesimama wima, karibu ngumi nne juu ya upeo. Geukeni kaskazini: kundi jingine, Dubu Mkubwa, nalo liko pale, karibu ngumi tatu kutoka chini. Nyota ya kaskazini haionekani kwetu kamwe, kwa kuwa iko chini ya upeo. Kusini halisi mtaipata kwa kuchukua urefu wa mti mrefu wa Msalaba na kuuendeleza mara nne na nusu kuelekea chini. Mtafika mahali patupu palipo chini ya ngumi moja juu ya upeo. Karibu na Msalaba kuna nyota mbili kali, na iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Rijili Kantori, ambayo vitabu vingi huiita Alpha Centauri. Ni jirani wa Jua letu, lakini nuru mnayoiona iliondoka kule zaidi ya miaka minne iliyopita, huenda kabla nyinyi wawili hamjafahamiana.

Kuanzia Juni hadi Septemba, katika ukavu wa kipupwe, ndipo anga letu lilipo bora. Kundi la nyota la Nge hupanda hadi karibu na utosi, moyo wake mwekundu ukiwa nyota iitwayo Antares, na kiini cha Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota nyingi unaokata anga, hufuata nyuma ya mkia wake. Mtu anayetaka kuchagua wakati wa kuanza na achague Julai.

Hatua ya tatu: daftari mbili, si moja

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu faida kubwa ya kazi hii kwa tabia ya mtu imo katika hatua hii kuliko nyingine zote. Kila mmoja awe na daftari lake, na kila usiku aandike tarehe, saa, mahali, hali ya mawingu na ya Mwezi, alichotafuta, alichokiona na ambacho hakukiona. Kisha achore. Mchoro hauhitaji ustadi. Duara lililochorwa kwa kufuata mdomo wa kikombe na nukta za penseli ndani yake vinatosha.

Kanuni ni kwamba kila mmoja achore bila kutazama daftari la mwenzake, na mlinganishe mkishamaliza wote. Mtashangaa. Mmoja ataweka nyota saba katika Kilimia na mwingine tano. Mmoja ataandika kwamba nyota fulani ni ya bluu, na mwenzake kwamba ni nyeupe. Hapo inakuja nafasi adimu ya watu wawili kutofautiana bila kugombana, kwa kuwa kitu chenyewe kipo juu na mnaweza kurudi kukitazama. Mtu hujifunza kusema, "Nimeona hivi, lakini sina hakika," na hujifunza kuyapokea maneno hayo kutoka kwa mwingine. Katika maisha ya kawaida, kazini na nyumbani, tunabishana zaidi juu ya mambo tusiyoweza kurudi kuyatazama. Anayezoea uaminifu huu mdogo wa gizani, wa kuandika "sikuona" pale ambapo wenzake wote wameandika "nimeona," ameanza kuwa mtu anayeaminika.

Historia ya falaki yenyewe ina ushahidi wa thamani ya daftari. Galileo, mwanafalaki wa Italia, alipoelekeza darubini yake kwa Mshtarii tarehe 7 Januari 1610, aliona nyota ndogo tatu zimejipanga karibu naye na kuzichora. Usiku uliofuata zilikuwa zimebadilisha mahali. Aliendelea kuchora, na tarehe 13 akaona ya nne. Ni michoro ile ya usiku baada ya usiku iliyomwonyesha kwamba hivyo ni vitu vinavyoizunguka sayari ile. Nyinyi mnaweza kurudia kazi hiyohiyo kwa darubini ndogo ya macho mawili mkiwa Mbagala.

Mbinu moja ya macho mjifunze mapema. Kitu hafifu kikikataa kuonekana, usikikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, na kitajitokeza. Sababu ni kwamba katikati ya jicho pamejaa chembe zinazotambua rangi na mwanga mkali, ilhali zile zinazohisi mwanga hafifu ziko nyingi pembeni. Jicho pia huhitaji dakika 20 hadi 30 za giza ili lifikie uwezo wake, na kioo cha simu kinaweza kuuondoa uwezo huo kwa kuwashwa mara moja tu.

Hatua ya nne: chombo, na namna ya kukipata bila kugombana

Chombo cha kwanza kiwe darubini ya macho mawili. Katika namba zake, kwa mfano 7×50 au 10×50, ya kwanza ni mara ngapi inakuza na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Aina hizo mbili ndizo zinazofaa. Inayokuza zaidi ya mara kumi hutetemeka mkononi kiasi kwamba nyota zinakuwa mistari. Laleni chali juu ya mkeka, au egemezeni viwiko kwenye mikono ya kiti, na mtaona mashimo ya Mwezi, miezi minne ya Mshtarii, mafungu ya nyota kwenye mkia wa Nge, na Omega Centauri, ambayo ni mpira wa nyota mamilioni ulio umbali wa karibu miaka 17,000 ya nuru na ambao huonekana kuwa doa la mviringo lenye ukungu. Mashimo ya Mwezi yatazameni Mwezi ukiwa nusu, kando ya mstari unaotenga mwanga na giza, ambako vivuli ni virefu. Usiku wa mwezi mpevu hakuna vivuli na uso wote unakuwa bapa.

Darubini kubwa isubiri hadi mmeshatumia hiyo kwa miezi kadhaa. Mkifika hapo, msivutwe na sanduku lililoandikwa kwamba chombo kinakuza mara 500. Kipimo cha kuamini ni kipenyo: ukuzaji unaofaa kwa juu kabisa ni karibu mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 60 haitatoa picha safi zaidi ya mara 120, hata sanduku liseme nini. Kwa mtu wa Dar es Salaam ninapendekeza darubini inayokusanya nuru kwa kioo cha kuakisi badala ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 130 hadi 150, iliyokaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka kwa mkono. Haina umeme wala mota, inaingia katika bajaji, na inaonyesha pete za Zohali vizuri kiasi cha kumnyamazisha mtu. Miguu mitatu myembamba inayotikisika kwa upepo wa bahari iepukeni hata ikiwa bei ni ya kuvutia.

Kuhusu fedha, nina msimamo. Marafiki wengi huchanga na kununua darubini moja ya wote, na hapo ugomvi huanza: nani anailaza kwake, nani analipa ikivunjika, na yule anayehamia Dodoma adai nini. Afadhali mcheze mchezo, ule upatu wa kawaida, kila mwezi fungu liende kwa mmoja anunue chombo chake mwenyewe. Hapo kila chombo kina mwenyewe, na kukopeshana kunabaki kuwa ukarimu. Ikiwa lazima mnunue cha pamoja, andikeni makubaliano kwenye karatasi moja na wote mtie sahihi, hata kama ni ndugu.

Hewa ya pwani ni adui wa lenzi. Joto na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo, na kuvu ikishakula tabaka la lenzi haitoki. Chombo kikitoka nje kikauke kwanza, kisha kiwekwe katika ndoo au sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Viwe vingi, na vibadilishwe mara kwa mara. Lenzi isifutwe kwa ncha ya kanga wala kwa fulana, kwa kuwa mchanga na chumvi huikwaruza. Pulizeni vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, na mguse kioo pale tu inapobidi.

Hatua ya tano: mahali

Mahali pa kwanza ni paa la nyumba, ua, au uwanja wa mtaa ulio nyuma ya ukuta unaozuia taa. Kabla ya kuweka darubini nje, waarifu majirani, mlinzi wa usiku na, ikiwezekana, mjumbe wa mtaa. Bomba refu linaloelekezwa huku na kule usiku humtia mtu wasiwasi, ama kwa kudhani ni silaha ama kwa kudhani linachungulia madirishani, na wasiwasi huo ni halali. Salamu na mwaliko huumaliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnafanya nini na hilo dude?"

"Ni darubini, mzee. Tunamtazama Zohali. Karibu uwe wa kwanza."

Mlinzi aliyetazama Zohali usiku wa leo ndiye atakayewaambia wapita njia wa kesho kwamba vijana hawa ni wema, na huenda ndiye atakayewagongea mlango umeme ukikatika mtaani, kwa kuwa ameshajua kwamba giza hilo ni neema kwenu.

Mkishazoea, tokeni mjini walau mara moja katika majira ya kiangazi. Uchaguzi wa upande una maana kubwa. Mkienda Bagamoyo, mwanga wa jiji utakuwa kusini, na huko ndiko kuliko Msalaba na hazina nyingi za anga letu. Mkienda Kisarawe na Pugu, mwanga utakuwa mashariki na utaharibu nyota zinazochomoza. Kusini mwa Kigamboni, kuelekea Kimbiji na Pembamnazi, jiji hubaki kaskazini magharibi, kusini ni giza na mashariki ni bahari tupu. Kwa hiyo chaguo langu ni Kigamboni. Chagueni usiku usio na Mwezi, karibu na mwandamo, mkijua kwamba huo pia ni wakati wa bamvua. Angalieni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutandika mikeka ufukweni.

Msiende fukwe zisizo na mwenyewe. Pateni nyumba ya wageni au kambi yenye mlinzi, ombeni wazime taa za nje kwa saa chache, na mlale hapohapo ili asiwepo wa kurudi kwa bodaboda usiku wa manane. Kodini gari moja la pamoja na mgawane nauli kabla ya safari. Chukueni nguo za mikono mirefu, dawa ya mbu, chupa ya chai ya tangawizi na maandazi ya kutosha, kwa kuwa njaa ya saa sita usiku ni kali na hakuna duka.

Hatua ya sita: adabu za gizani

Wawili wakizoeana, wa tatu na wa nne huja wenyewe, na sasa mnahitaji taratibu. Tochi zote zifunikwe kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauharibu sana giza la macho. Anayefika kwa gari azime taa mapema. Kwenye darubini watoto na wageni watangulie, mwenye chombo awe wa mwisho, na kila mmoja apewe muda wa kutosha bila kuharakishwa. Yule anayetazama asiulizwe "Umeona?" kwa sauti ya kumsukuma, maana atajibu ndiyo ili asiaibike. Muulizeni, "Unaona nini?" kisha msubiri.

Mjuzi wa kikundi, na kila kikundi humpata mmoja, azuiwe kwa upole asifanye kila usiku kuwa mhadhara. Dawa yake ni kumpa kazi: amfundishe mtu mmoja mpaka huyo aweze kuwaonyesha wengine, yeye akiwa amekaa kimya. Nimeona watu wenye haya, wasioweza kusimama mbele ya kikao cha ukoo, wakieleza mbele ya watu kumi jinsi ya kuipata kusini kwa kutumia Msalaba, kwa sababu gizani hakuna anayewakodolea macho.

Giza lina jambo jingine. Watu waliolala chali wakitazama juu huzungumza tofauti na waliokaa wakitazamana. Maneno huja polepole, na hakuna anayelazimika kujibu mara moja. Mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au anayeogopa matokeo ya mtihani anaweza kusema jambo lake hapo kwa urahisi ambao asingeupata barazani. Likitokea hilo, acheni nyota kwa muda. Msimpe ushauri wa haraka, msilirudie neno lake mchana mbele ya wengine, na wiki inayofuata mmpitie nyumbani kabla ya saa ya kutazama, ili ajue kwamba anangojwa.

Hatua ya saba: kuvuka masika, na kujiwekea miadi ya mbali

Machi hadi Mei mawingu yatawafungia, na vikundi vingi hufa hapo. Msiache usiku wenu wa wiki, kutaneni ndani. Safisheni vyombo, linganisheni michoro ya mwaka, na mtumie Stellarium, programu ya bure ya kompyuta, kupanga mtakachotafuta Juni. Someni pia. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameeleza mambo ya anga kwa Watanzania kwa miaka mingi kupitia magazeti, na makala za namna hiyo ni mwanzo mzuri wa mjadala. Kama mna uwezo wa safari ndefu, nendeni mkaone Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Ni jambo jema kugusa kwa mkono kitu kilichotoka huko mnakokutazama.

Kisha wekeni miadi ya miaka ijayo, kwa kuwa miadi ya mbali huwashikilia watu pamoja. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walisafiri kutoka kila upande hadi Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama Jua likipatwa na kubaki pete, na wengi walipeana miwani na watu wasiowafahamu kabisa. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa kule Afrika Kaskazini, Luxor nchini Misri ikiwa na zaidi ya dakika sita za giza, na sisi Dar es Salaam tutaliona mchana likiwa limemegwa sehemu. Nunueni mapema miwani maalumu ya kutazama Jua yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha usalama wa miwani hiyo, na kamwe msielekeze darubini yoyote kwa Jua bila kichujio chake cha mbele. Wasio na miwani wasimame chini ya mwembe wakitazama ardhi: kila tundu kati ya majani litatupa chini picha ya Jua lililomegwa.

Miadi inayofuata ni ya Mwezi, Jumapili tarehe 31 Desemba 2028. Mwezi utachomoza baharini ukiwa tayari umeanza kupatwa, utaingia wote katika kivuli cha Dunia kuanzia karibu saa moja na robo usiku hadi karibu saa mbili na nusu, na utakuwa huru kabisa na kivuli hicho baada ya saa tatu na nusu. Kuutazama hakuna hatari yoyote kwa macho na hakuhitaji chombo. Chagueni ufuko ulio wazi upande wa mashariki hadi kwenye maji, na muweke nafasi miezi kadhaa kabla, kwa sababu ni mkesha wa mwaka mpya na fukwe za jiji zitajaa watu kuanzia alasiri. Fikeni kabla Jua halijazama, mkiwa mmekwisha kugawana nani analeta mikeka na nani chai.